Uhai nje ya Dunia na imani katika Muumba

Salaam ndugu. Umeuliza kama kugunduliwa kwa uhai nje ya Dunia kutabomoa imani katika Mungu Muumba. Nikijadili jambo hili na waumini wenzangu, kwanza huuliza ni uhai wa namna gani: vijidudu chini ya ardhi ya Mirihi havigusi wokovu wa mtu yeyote, ilhali viumbe wenye akili wangewalazimu Wakristo kueleza kama kifo cha Kristo kinawahusu nao pia. Waislamu wana njia nyepesi zaidi, kwa kuwa Kurani 42:29 inataja viumbe waliotawanywa mbinguni na ardhini. Kwa Wakatoliki nako mlango haujafungwa, maana mwaka 2008 José Gabriel Funes, aliyekuwa mkuu wa kituo cha falaki cha Vatikani, alisema kwamba kukubali uwezekano huo hakupingani na imani. Wanaobanwa kweli, kwa maoni yangu, ni wale wanaohesabu umri wa ulimwengu kuwa takriban miaka 6,000. Lakini hao tayari wana mwanga wa galaksi uliosafiri mamilioni ya miaka kabla ya kutufikia, nao haujawatikisa, kwa hiyo sioni kwa nini kijidudu kiwatikise.