Kabla hujauliza wanakopesha shilingi ngapi

Mdogo wangu mmoja wa Mwandiga, huku Kigoma, kaniandikia: "Dada, nichukue mkopo au niache? Nataka kukamua mawese, mtaji sina." Namjibu hapa maana najua mko wengi.

Chukua. Bila mkopo wa kikundi ningekuwa bado natoka mwalo wa Kibirizi na beseni kichwani, nauza dagaa kwa mafungu. Leo napakia magunia. Kuna afisa mikopo aliwahi kunirudishia fomu mbele za watu akicheka, eti mwanamke asiye na hati ya nyumba anakopesheka vipi? Nimeshamsamehe, ila nikipita pale na mzigo wangu huwa napunguza mwendo.

Tatizo ni marejesho. Mkopo wangu wa kwanza, niliokopa peke yangu bila kikundi, ulitaka rejesho kila Jumatatu. Sasa dagaa wanajua Jumatatu? Wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inakaa nchi kavu nami sina cha kununua. Wiki hizo nililipa kwa kula mtaji, ulipokwisha ikauzwa cherehani ya mama. Tuyaache hayo.

Kikundi kikaja kupanga marejesho ya mwezi. Pesa ya kwanza nikajengea chanja ya kuanikia, kwa sababu dagaa wa chanjani hawana mchanga na mteja wa mbali anawalipia vizuri. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, nilikuwa na akiba ghalani. Waliokopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, walikimbia simu zao.

Halafu mnalalamika hakuna pesa! Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Undeni kikundi, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na nidhamu, wadogo zangu! Mkopo si wa vitenge. Si wa mchango wa harusi. Nidhamu!

Wewe wa Mwandiga, usianze kuuliza kiasi. Uliza rejesho la kwanza ni lini. Wakikwambia wiki ijayo, na chikichi zako bado ziko mtini, washukuru uende kwingine.