Betri ya 200Ah inataka paneli ya wati ngapi?

Ukiuliza swali hili dukani, muuzaji atataka kwanza kujua una taa ngapi. Hajakosea, ila hiyo ni nusu ya hesabu. Betri nayo ina tumbo lake. Ya asidi, iwe ya maji au ya jeli, inataka mkondo wa chaji usiopungua kama asilimia 10 ya ukubwa wake wa Ah (ampia-saa, kiasi cha umeme inachobeba), kwa hiyo ya 200Ah inataka ampia 20. Ukiilisha ampia 5 za paneli ya wati 100, huku kila usiku unaitumia, haijai hata siku moja. Sahani za risasi huota ukoko wa salfeti, ukoko ukawa mgumu, na hapo betri hujaa haraka na kuisha haraka. Watu husema wameuziwa feki, na mara nyingi betri ilikufa njaa.

Fanya hesabu mbili, kisha ufuate iliyo kubwa. Ya kwanza ni ya matumizi. Nyumba yenye TV ya wati 40, king'amuzi cha 15, taa 6 za wati 7 na feni ya 50, vyote kwa saa 5, pamoja na simu za kuchaji, inakula karibu wati-saa 800 kwa siku. Inveta nayo inakula humo humo, kwa hiyo weka 940. Betri ya volti 12 yenye 200Ah ina wati-saa 2400, lakini ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 1200 za kutumia. Inatosha usiku mmoja, haitoshi siku mbili za mawingu.

Jua kali lihesabu saa 4.5 kwa siku, si saa 12 za mchana. Kisha toa asilimia 30 kwa joto, vumbi na waya. 940 gawanya kwa 4.5, gawanya kwa 0.7, unapata kama wati 300. Hesabu ya pili ni ya betri yenyewe: ampia 20 kwa volti 14 ni wati 280 zinazoingia kweli. Paneli iliyoandikwa 300, ikishapata moto juu ya bati, haitoi hizo. Ya 400 hutoa kama 320, basi nunua wati 400.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea: kontrola, kile kifaa cha kati kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri. Paneli nyingi za wati 400 zina Vmp, yaani volti ya paneli ikiwa kazini, ya kama 31, na ampia 13. Ukiifunga kwenye kontrola ya PWM, aina ile rahisi, paneli inavutwa chini hadi volti ya betri. Volti 13 mara ampia 13 ni wati 169, zaidi ya nusu imeachwa juu ya paa. PWM inafaa paneli ya seli 36, yenye Vmp ya kama 18, kwa betri ya volti 12. Kwa paneli kubwa nunua MPPT, aina inayogeuza volti ya ziada kuwa ampia, ya ampia 30, na usikubali sanduku lililoandikwa MPPT kwa bei ya PWM.

Mfumo wa volti 24 una mtego wake. Paneli moja ya Vmp 31 inaonekana kutosha, lakini mchana wa joto hushuka hadi 27 au 28, wakati betri inataka 28.8 ili ijae. Asubuhi inachaji vizuri, saa saba inakwama. Funga mbili kwa mfululizo. Kabla ya hapo soma Voc nyuma ya paneli, yaani volti yake ikiwa haijaunganishwa na kitu, maana baridi huipandisha. Paneli mbili za Voc 49 ni volti 98, na kontrola ya mwisho volti 100 inaonekana salama, lakini alfajiri ya nyuzi 5 kule Makete zinafika kama 104. Kontrola inaungua na dhamana haikusaidii. Acha nafasi ya angalau asilimia 15.

Lithiamu haina njaa ile, na unaweza kutumia asilimia 80 bila hofu. Soma tu kiwango cha juu cha mkondo kwenye lebo, na ubadilishe aina ya betri kwenye kontrola. Mpangilio wa betri ya maji una hatua ya kusawazisha inayopandisha volti kupita kiasi.

Kontrola ikae karibu na betri, mita moja au mbili. Ampia 28 kwenye waya wa milimita za mraba 6 wenye urefu wa mita 10 hupoteza karibu volti 1.7, na kontrola itadhani betri imejaa. Urefu uwekwe upande wa paneli, ambako volti ni kubwa na ampia ni chache. Fyuzi iwe karibu na chanya ya betri. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye, na ukifungua anza na paneli.

Siku ya jua safi, tazama kontrola saa sita mchana betri ikiwa bado haijajaa: uone ampia 20 hadi 24. Ukiona 12, tafuta kivuli cha tawi, kichwa cha waya kilicholegea, au PWM iliyovaa jina la MPPT.