Gloriosa ya vichakani katika bustani ya nyumbani

*Bwana shamba, nilichimba gloriosa kichakani karibu na Nyegezi, ule mmea unaopanda wenye maua mekundu yenye kingo za njano. Juni hii majani yote yamekauka. Umekufa?*

Haujafa, umelala. Kila kiangazi sehemu ya juu hukauka na uhai ukabaki katika kiazi kilicho chini ya udongo. Acha kumwagilia, kwa sababu kiazi kilicholala kikilowa huoza, kisha subiri mvua za vuli. Ila usichimbe tena porini. Omba mbegu kwa mwenye nazo.

*Naweza kukikata kiazi vipande vipande kama pingili za muhogo? (Magu)*

Hapana, na hapa ndipo wengi huharibu. Pingili ya muhogo ina macho kadhaa, lakini kiazi cha gloriosa, chenye umbo la herufi V, kina jicho moja tu kwenye ncha ya kila mkono, na jicho hilo likivunjika mkono huo hauchipui tena. Kata mara moja tu, pale mikono inapokutana, uache jeraha likauke kivulini siku mbili tatu, kisha ulaze kila mkono kwa ubavu katika kina cha sentimita 5 hadi 10. Weka kijiti mapema, kwa kuwa ncha za majani hujikunja na kushika chochote kilicho jirani.

*Udongo gani unafaa?*

Luseni, yaani udongo wa kichanga. Mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, hutuamisha maji, hivyo ukiwa nao panda kwenye tuta.

*Mmea wangu unachanua lakini hautoi mbegu. (Ukerewe)*

Kikonyo cha kike cha ua hili hupinda upande, mbali na chavua, kana kwamba kinaikwepa. Chukua chavua kwa brashi laini, uipake kwenye ncha ya kikonyo hicho, ikiwezekana kutoka mmea mwingine. Mbegu nyekundu utakazopata huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kuota, na maua huja baada ya miaka miwili au zaidi. Mimi hupanda mbegu na viazi pamoja ili nisikate tamaa.

*Nina wajukuu na mbuzi. Kuna hatari?*

Ipo, na si ndogo. Mmea mzima una sumu ya kolchisini, iliyo kali hasa katika mbegu na katika kiazi, ambacho mtu anaweza kukidhania kiazi kikuu. Panda ndani ya uzio, vaa glavu unapochimba, usihifadhi viazi hivyo jikoni, na aliyekula hata kidogo apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri dalili.