Namba zinagongana baada ya kuhamishia data PostgreSQL

Ndugu, umesema ulihamishia wateja 5,000 kwenye PostgreSQL, programu ya kutunza data, pamoja na namba zao za zamani, na sasa kila ukiongeza mteja mpya unaambiwa namba hiyo tayari ipo. Data yako haijaharibika, usiifute.

Sikwensi, yaani kihesabu kinachotoa namba mpya za jedwali, husonga pale tu inapoombwa namba. Wewe uliingiza namba mwenyewe, kwa hiyo yenyewe ilibaki mwanzoni kabisa, na kila jaribio lililoshindwa limeisogeza hatua moja tu. Tafuta namba kubwa kuliko zote kwenye jedwali. Tuseme ni 5000. Kisha andika:

ALTER SEQUENCE wateja_id_seq RESTART WITH 5001;

Hakikisha jina la sikwensi ni hilo kweli, na ufanye kazi hii wakati hakuna mwingine anayeingiza data.

INCREMENT BY (ukubwa wa hatua ya sikwensi) na CACHE (idadi ya namba zinazochukuliwa mapema kwa mkupuo) nakusihi usiziguse kama huna sababu. CACHE hasa ndiyo huwachanganya wengi: ikizidi 1, kila muunganisho hujichukulia fungu lake la namba, na hata ukibadilisha mipangilio, muunganisho mwingine huendelea kutumia fungu lake mpaka liishe. Mtu anaweza kuhangaika siku nzima akidhani amri imekataa.

Mapengo yasikutishe. Muamala, yaani kundi la amri zinazokamilika au kughairiwa pamoja, ukighairiwa, namba iliyokwisha kutolewa hairudi. Kama unataka namba za risiti zisizoruka hata moja, usitegemee sikwensi; tunza hesabu hiyo kwenye jedwali lake, na uufunge mstari wenye hesabu hiyo, mwingine asiubadilishe, ndani ya muamala uleule unaoingiza risiti.