Kuanza kuchora ukubwani: yaliyonikuta huku Mtwara

Nimeanza kuchora nikiwa na miaka thelathini na kitu, sio biashara wala sina mpango wa kuwa msanii, basi tu kila nikitoka kazini nilikuwa nashika simu mpaka usingizi unanikuta, nikaona hapana aisee. Naishi Mtwara mjini. Haya nawaandikia wale wenye maneno ya "mi mkono wangu mzito, tangu shule nachora mtu wa njiti". Mkono unaoandika jina lako unatosha kabisa kuchora, kinachokuangusha ni macho, hayajazoea kukaa kwenye kitu kimoja zaidi ya sekunde mbili.

Vifaa visikuchukulie muda. Penseli HB moja na 4B moja zinatosha kuanzia, herufi B namba ikipanda penseli inakuwa laini na nyeusi zaidi, H ni kinyume chake, ngumu na inaandika hafifu. Karatasi nenda stesheneri kaombe kopi zilizoharibika, nyuma ni nyeupe. Skechibuku la bei usinunue kwanza, mi langu lilikaa kabatini miezi na kurasa mbili tu kwa sababu kila nikilifungua naogopa kulichafua. Na kwa joto letu hili weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, vinginevyo jasho litakufutia kazi yote.

Kitu cha kwanza nilichochora nimekaza kilikuwa bibo. Ilikuwa msimu, nikaokota moja na korosho yake. Sasa mtu wa Kusini bibo unalijua toka unatambaa si ndio? Nikachora kwa kichwa tu bila kuangalia, ikatoka kama pea imewekewa koma chini. Af nikaliweka mezani, taa upande mmoja, nikaliangalia kweli. Kumbe korosho haikukaa katikati, imekaa kiupandeupande, mgongo wake umepinda vizuri tu, na pale inaposhikana na bibo kuna kikunjo kidogo ambacho sijawahi kukiona maisha yangu yote na nimekula mabibo mpaka nikavimba midomo. Upande mmoja wa bibo umetuna kuliko mwingine. Halafu kivuli, mi nilidhani kivuli ni kupaka nyeusi kote, wala, nyeusi kabisa ni pale tu linapogusa meza, na ule upande wa gizani ukiangalia ukingoni kuna kamwanga kidogo kanarudi kutoka mezani. Ukitaka kuona wapi pana mwanga na wapi pana giza, finya macho kama unaangalia jua, vitu vidogo vidogo vinapotea unabaki na mwanga na giza.

Zoezi langu la kila siku, dakika tano: weka penseli kwenye karatasi, usiangalie karatasi kabisa, macho yatembee kwenye ukingo wa kitu polepole kama sisimizi, na penseli itembee kwa mwendo huohuo. Itakachotoa ni kituko, hata mtoto atakucheka, lakini baada ya wiki kama mbili hivi nikaanza kuona mistari yangu ya kawaida imetulia.

Umbali ndo ulinitesa, nyumba zangu zote zilikuwa kama zinaanguka. Kilichonifungua ni kukaa ufukweni Shangani. Angalia mstari wa bahari na mbingu pale mbali: ule mstari siku zote uko usawa wa macho yako, ukichuchumaa unashuka na wewe, ukisimama unapanda na wewe, jaribu hata leo. Kwa hiyo ukiwa umesimama kwenye mchanga ulio tambarare, mtu wa kimo chako awe karibu awe kule mbali kabisa, mstari utampitia machoni, kinachobadilika ni miguu yake tu, wa karibu miguu inashuka chini kwenye karatasi, wa mbali inapanda. Mi nilikuwa nawapandisha watu wa mbali wazima wazima wanaonekana wanapaa. Ukishajua huo mstari, hata mtaa wa Mikindani wenye nyumba za zamani unachoreka, kingo za paa zilizo juu ya macho yako zinashuka kwenda kwenye huo mstari na za chini ya macho zinapanda, kingo za nyumba za upande uleule wa mtaa zinaenda kukutana sehemu moja.

Siku nyingine niko upande wa feri ya Msangamkuu nachora mashua, watoto wamenizunguka, akaja babu mmoja mvuvi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anaangalia karatasi. "Mjukuu wangu, mashua gani hii? Hii haiendi popote." Nilikuwa nimesimamisha mlingoti wima kama nguzo ya umeme katikati na kuuchorea pembetatu mbili, ile mashua ya darasa la pili. Akanionyesha kwa kidole: mlingoti unalalia mbele kidogo kuelekea omo, na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, umekaa mshazari, ncha yake ya mbele iko chini na ya nyuma inapanda juu kupita mlingoti wenyewe. Na mashua ilikuwa pale mbele yangu muda wote nimeikodolea macho! Nikachora upya, akaiangalia, akasema sasa hii angalau itafika Msimbati ila itachelewa.

Sura za watu nitagusia kidogo tu. Macho yanakaa katikati ya kichwa, yani kutoka utosini hadi kidevuni, nusu kwa nusu, tunaoanza wote tunayapandisha kwenye paji la uso kwa sababu tunasahau nywele nazo zina nafasi yake. Pima kwa penseli, yani linganisha urefu wa sehemu moja na nyingine, ukiwa umenyoosha mkono bila kukunja kiwiko, funga jicho moja. Vidole sasa, vidole sina cha kukufundisha, vyangu mpaka leo ni mihogo, juzi nimemchora mama akikuna nazi akaniuliza hiyo mbuzi inakuna nazi au inakuna mkono wangu.