Virusi vya mafua havishiki kwenye resini? Anza na chumvi

Pole ndugu. Unasema virusi vya mafua ulivyovuna kwenye mayai vinapita tu kwenye resini (punje ndogo za kunasia vitu) yenye chaji chanya. Mimi ningeanza na chumvi: majimaji ya yai yana kloridi ya kutosha kugombania nafasi zilezile na virusi. Yazimue kwa bafa (myeyusho unaotuliza pH, yaani kiwango cha asidi) isiyo na chumvi, pH 7.5 hivi, kisha pitisha polepole. Tafadhali usishushe pH hadi 5. Hemaglutinini, protini iliyo juu ya kirusi, hubadilika umbo na hairudi tena.

Halafu, kirusi kina upana wa nanomita 100 hivi, hakiingii kwenye vitundu vya punje nyingi za resini, hushika kwenye uso wa nje wa punje tu.

Kinachotoka kijaribu kwa chembe nyekundu za damu ya kuku: zikitanda badala ya kutua kama kitone, virusi vimepita.