Mlingoti Unateleza, Dari ni la Boriti: Majibu kwa Wasomaji

Mfuko wa barua umejaa maswali ya dansi ya mlingoti, ile ya kupanda na kuzunguka bomba la chuma lililosimama wima, mengi kutoka Malindi na machache kutoka Lamu. Wengine mnaiita dansi ya nguzo, wengine dansi ya bomba. Sisi tumechagua mlingoti, maana nguzo ya Malindi inajulikana, ni ile ya Vasco da Gama, na haipandwi.

*Salamu. Niko wiki ya sita. Siku nyingine nashika vizuri, siku nyingine nateleza kama samaki. Mwalimu asema sina nguvu za mikono. Ni kweli?*
— Msomaji wa Shella, Malindi

Hatudhani. Asiye na nguvu hutetemeka, akachoka, akashuka. Anayeteleza leo na kesho akashika ana mafuta mwilini, au jasho, au mlingoti mchafu, na mara nyingi yote matatu kwa pamoja.

Anza na mafuta. Siku ya mazoezi usijipake mafuta ya nazi wala losheni tangu asubuhi, si mikononi tu: mapaja, nyuma ya magoti, viwiko na kwapa pia hushika mlingoti. Hata siku iliyotangulia, jipake mapema. Marashi ya mafuta ya kwenye vifundo vya mikono hufika kwenye kiganja kabla hujamaliza kupasha mwili moto. Hina iliyokauka haina neno. Shida ni mafuta yanayopakwa juu yake ili ikolee.

Kisha mlingoti wenyewe. Ufute kwa kitambaa cha pamba chenye spiriti ya duka la dawa, kabla ya kuanza na kila anapopanda mtu mwingine. Usitumie stili waya, itakwangua kromu. Mlingoti uliopakwa rangi ya unga inayookwa kiwandani, au uliovishwa silikoni, usiupake spiriti. Maji ya sabuni yanatosha, halafu ukaushe vizuri.

Jasho ndilo adui wa pwani. Chaki ya maji, tone la ukubwa wa punje ya mbaazi, isugue viganjani na uache ikauke kabisa, kama nusu dakika hivi. Wengi hushika ikiwa bado mbichi, wakatengeneza tope. Wengine huongeza juu ya ile ya zamani hadi mlingoti ukawa na ukoko mweupe, na ukoko huo unateleza kuliko jasho.

Angalia pia kipoza hewa. Chumba kikipoa sana halafu mlango ukaachwa wazi, hewa ya nje yenye unyevu hukutana na chuma baridi na mlingoti "hutoa jasho" wenyewe; utaona matone madogo ukiutazama kwa ubavu. Ama kipoza kiwashwe mfululizo na mlango ufungwe, ama mtumie feni tu.

Mkiwa bado hamjanunua, shaba ya manjano, ile ya dele la kahawa, hushika vizuri kuliko kromu penye joto na viganja vya maji. Chuma cha pua (stainless) ni chaguo la wale ambao ngozi yao huwashwa na nikeli, lakini kinateleza zaidi. Vyote vitatu havipendi chumvi ya bahari. Kromu huota vipele vidogo vinavyobanduka na kukata ngozi. Ukikisikia kimoja kwa kidole, mlingoti huo umestaafu.

*Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe, dari la boriti. Nimeona mlingoti unaokazwa kati ya sakafu na dari bila kutoboa. Naweza kuuweka chumbani?*
— Langoni, Lamu

Hapana, bibie, na sababu ni mbili. Mlingoti wa kukazwa husimama kwa kusukuma dari juu na sakafu chini. Slebu ya zege huvumilia. Dari lako ni boriti za mikoko zilizobeba mawe ya tumbawe na chokaa, na lilijengwa libebe mzigo unaoshuka. Halikujengwa lisukumwe kwa chini mahali pamoja. Utaanza kuona vumbi la chokaa, kisha ufa, kisha mlingoti umelegea wewe ukiwa juu yake.

Sababu ya pili ni upana. Vyumba vya zamani vya Lamu ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio uliopanga, na aghalabu havifiki mita tatu. Mguu ulionyooshwa unahitaji kama mita moja na nusu kila upande. Utavunja vidole ukutani kabla hujajifunza mzunguko wa kwanza.

Makuti na jipsamu navyo havifai kwa kukaza. Kinachobaki ni mlingoti wenye jukwaa lake lenyewe, uwekwe uani penye sakafu iliyosawazika.

Wenye slebu: tafuta wima kwa pimamaji, upande mmoja kisha ule wa pembe mraba nao. Ulio wima upande mmoja tu bado umelala. Kaza, vuta ukiwa umesimama chini, kaza tena, ndipo uning'inie. Rudia kipimo hicho kila siku ya mazoezi, maana mlingoti hulegea kidogo kidogo bila kupiga kelele.

*Fundi wa kuchomelea anasema atanitengenezea kwa bomba la maji la inchi moja na nusu, bei rahisi. Kuna ubaya?*
— Maweni

Bomba hilo lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3. Milingoti ya mashindano ni milimita 45, na mikono midogo hupenda hata 42 au 40, kwa hiyo unene si kosa kubwa. Kosa ni ngozi yake: zinki iliyopakwa juu yake ina mabaka na matone, mshono wa kiwandani hukwaruza paja, na chumvi ikishaingia hugeuka unga mweupe. Na akikuungia vipande viwili kwa mikato ya skrubu, mahali palipokatwa ndipo bomba lilipokuwa jembamba, na ndipo litakapopinda. Fundi huyo mpe kazi ya fremu. Mlingoti nunua.

*Siku ya pili ya darasa mwalimu alitugeuza vichwa chini, miguu juu. Mwenzangu aliteleza akaangukia bega. Ndivyo inavyofundishwa?*
— Barani, Malindi

Sivyo. Majuma ya kwanza ni ya kuuzunguka mlingoti kwa hatua, mzunguko mwepesi mmoja au miwili, kukaa, na kukwea. Kukwea peke yake ni somo zima. Kunja kifundo cha mguu wa mbele, vidole vielekee gotini, na mgongo wa mguu ukumbatie mlingoti. Muundi ulale juu yake kwa mshazari, goti likiwa upande wa pili. Mguu wa nyuma ubane kwa shavu la mguu. Sasa simama, kama anayeinuka kitini; mikono ifuate. Wanaoanza hufanya kinyume: hujivuta kwa mikono, miguu inaning'inia, wakishuka wanasema mikono imekufa. Mtazameni mkwezi wa minazi. Mzigo anaubebesha miguu, na mikono inamzuia asianguke nyuma.

Kugeuka kichwa chini kunangoja mambo haya: uning'inie viwiko vikiwa vimekunjwa na mabega yamevutwa chini, mbali na masikio, kwa sekunde kumi, uinue magoti hadi kifuani mara tano bila kujirusha, na uweze kushuka polepole kutoka juu bila kuporomoka. Pande zote mbili, kulia na kushoto. Anayerusha mguu ili kupata kasi hajawa tayari, hata akifaulu. Kasi hiyo ndiyo inayomtoa mkono.

Godoro la sentimita kumi au zaidi liwepo, mpasuo wake wa kupitishia mlingoti umefungwa, lakini halitaokoa shingo. Kinachookoa ni mwalimu aliyesimama karibu na kiuno chako, mkono tayari, si aliyekaa kwenye kiti na simu. Watu wawili kwa mlingoti mmoja ni sawa. Wanne ni foleni, na mwili hupoa. Mwalimu asiyeweza kukwambia utashukaje kabla hujapanda, muage kwa heshima.

*Mama mkwe akisikia "mlingoti" atasema nimeingia klabu. Navaa buibui, na darasa ni la wanawake watupu. Nimweleze vipi?*
— Mke wa mtu, Kisumu Ndogo

Usimfiche asili, maana atakayemwambia ni mtu mwingine. Mizunguko mingi inayofundishwa leo ilitoka kweli kwenye klabu za wavua nguo za Marekani na Kanada, na waliofanya kazi humo ndio walioibuni. Miaka ya 1990 ikaanza kufundishwa kama mazoezi. Shirikisho lake la kimataifa liliundwa 2009, na 2017 muungano wa mashirikisho ya michezo duniani ukalipatia hadhi ya mwangalizi. Huko India nako wapo wanaume wanaopanda mlingoti wa mbao uliopakwa mafuta ya mbarika, mchezo uitwao mallakhamb, na jimbo la Madhya Pradesh liliutangaza mchezo wake rasmi mwaka 2013. Hakuna anayewauliza wanatoka klabu gani.

Kaptura anayoiona kwenye picha ina kazi yake: paja lililofunikwa kitambaa haliwezi kubana chuma. Asiyetaka hata hivyo kuna mlingoti wa silikoni, unaoshika nguo ndefu za kubana. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuteleza juu yake, na ngozi tupu ikiugusa kwa kasi huungua.

Lakini kwa hapa kwetu tunaona swali la mama mkwe ni moja: nani anaona? Lijibu kwa vitendo. Simu zote zibaki kwenye kikapu mlangoni, dirisha liwe na pazia, na ruhusa ya picha iandikwe, ya kila mtu peke yake. Kisha mwalike aje kuketi saa nzima. Atakayoyaona mengi ni watu wanaopasha mabega moto.

*Ramadhani tufanye saa ngapi?*
— Mambrui

Baada ya tarawehe, na maji ya kutosha. Mara tu baada ya futari hapana. Kichwa chini na uji wa pilipili manga tumboni, utaumeza mara ya pili.

*Nina michubuko mapajani kama nimepigwa. Niache?*
— Casuarina

Ya bluu ndani ya mapaja na kwenye mgongo wa mguu ni kawaida, hufifia baada ya siku kadhaa, na hupungua kadiri ngozi inavyozoea. Vua pete na bangili, zinaumiza wewe na mlingoti pia. Maumivu ya ndani ya bega, ya kiwiko, au ganzi vidoleni si michubuko. Hayo yakija, shuka, na usipande tena hadi daktari akuone.